Ndege Nao Hulala Mchana

Nawatoa leo! Itikieni: tutoe, Bibi. Nawapeleka juzi ya juzi! Tupeleke, Bibi. Huko ambako mawe yalikuwa bado mabichi, na mwezi ulikuwa ukishuka kisimani kuchota maji na kungoja zamu yake kama watu. Tumefika. Kaeni.

Najua, najua. Watu husema hadithi za mchana huotesha mkia. Ukiota nitaukata, kisu ninacho. Na wewe Shamte, ukiitikia, itikia kwa nguvu. Mama yenu yuko uani anatwanga, nataka asikie tunaongea nini. Msikieni huyo, pu, pu, pu. Tangu baba yenu avunjike mguu, sijamwona ameketi. Lakini mimi simsemi mtu. Mimi nasimulia habari za ndege.

Basi huko palikuwa na kijiji, Kwamsanja, na pale aliishi mjane mmoja akiitwa Sikudhani. Mwaka uliotangulia njaa ilikuwa imepita, njaa mbaya, watu walichemsha mizizi, na njaa hiyo ilimchukua mtoto wake wa mwisho. Akabaki na wawili, na mama mkwe wake, Bi Mkunde, kikongwe mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

Mwaka huo mvua ikanyesha. Mtama ukasimama, ukachanua, masuke yakainama kwa uzito. Na mtama ukikaribia kukomaa, wajukuu zangu, nani huja? Kweleakwelea. Ndege mdogo, hajazi hata kiganja, lakini haji peke yake. Huja wingu zima, na likitua shambani utakuta mabua tu.

Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na dungu, jukwaa la miti, na juu yake mtu wa kuwinga ndege kwa kombeo na kwa sauti. Shamba la Sikudhani lilikuwa la mwisho magharibi, upande walikotokea ndege. Yeye ndiye aliyewaona kwanza. Akiita, wa dungu la pili anapokea, wa tatu anapokea, mpaka mashamba yote yanalia. Sauti yake ikikosekana, kijiji kizima kinarudi kuchemsha mizizi. Aliita hivi, nanyi muite:

"Hoya, hoya, hoya! Mtama una mwenyewe!"

Mbona mnaita kama mmeshiba? Tena. Haya, ndiyo hivyo.

Sasa watu wa Kwamsanja walikuwa na desturi. Jua likifika utosini, kila mtu anashuka dunguni. Anaoga. Anajipaka mafuta ya ufuta. Anakula alichonacho, anasukwa nywele au anajilaza kidogo. Jua likianza kuinama, anapanda tena. Kila siku ilikuwa hivyo, mwaka wa shibe na mwaka wa shida.

Sikudhani hakushuka. Wenzake walipita chini ya dungu lake wakamwita, "Sikudhani, shuka tukaoge." Akawajibu, "Ogeni nyie. Mimi nimezika."

Wakainamisha vichwa, wakaenda zao.

Akabaki juu. Asubuhi, hoya. Adhuhuri, hoya. Alasiri, hoya. Jua likamchoma, midomo ikapasuka, nywele zikawa kichaka. Chakula alikula amesimama, tena kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kombeo. Msifikiri alikuwa mjinga. Alikuwa anaogopa, na hofu ikishampanda mtu mabegani humwambia kuwa kukaa tu ni dhambi.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Alasiri moja, wenzake wamekwisha kupanda wakiwa na nguvu mpya, Sikudhani akasinzia palepale amesimama. Wingu likaja. Alipofumbua macho, shamba lilikuwa linatikisika, kila suke lina midomo. Akafungua kinywa aite. Hoya haikutoka. Ilitoka hewa tu. Akatupa mawe, yakaanguka miguuni pake. Mpaka Mzee Ngoda wa dungu la pili alipotazama na kupiga kelele, ndege walikuwa wamekula pembe nzima ya shamba.

Mngedhani kesho yake atashuka. Thubutu. Kesho yake alipanda na kamba kabla ya jua kuchomoza, akajifunga kwenye nguzo ili akisinzia asianguke.

Adhuhuri Bi Mkunde akaja na mkongojo wake. "Mkwe wangu, shuka."

"Nisamehe mama, sishuki."

"Basi napanda mimi."

Akapanda, goti moja linalia na la pili linaitikia. Alipofika juu akahema, akatazama mbinguni huku, akatazama kule.

"Unamfukuza nani?"

"Ndege, mama."

"Nionyeshe mmoja."

Sikudhani akatazama. Magharibi tupu. Mashariki tupu. Hata nzi hakupita.

"Watakuja," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Twende nikuonyeshe waliko. Nimemwomba Ngoda atuangalizie."

Bi Mkunde akafungua ile kamba. Wakashuka, wakatembea taratibu mpaka korongoni, kwenye migunga. Na mle ndani ya migunga, wajukuu zangu, kweleakwelea walikuwa wamejaa matawini, bega kwa bega, vichwa vimezama kwenye mbawa. Wamelala.

"Hawa wana njaa na wana watoto, kama wewe," Bi Mkunde akanong'ona. "Jua likifika utosini wanapumzika. Wewe unapiga kelele saa ambayo wamelala, na saa wanapoamka, sauti huna. Unaita mtama una mwenyewe. Na huyo mwenyewe, ana nani?"

Sikudhani akaanza kucheka. Akacheka kwa kuziba mdomo ili asiwaamshe, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mama, nikishuka naona kama namwacha mwanangu afe mara ya pili."

"Najua. Alikuwa mjukuu wangu. Lakini wako wawili nyumbani wanaoishi kwa mikono yako hii. Twende ukaoge."

Akaoga. Bi Mkunde akamsugua mgongo, akampaka mafuta kichwani, akamfungua yale mafundo ya nywele moja moja. Hakufika hata katikati. Sikudhani alikuwa amelala pajani mwake, mdomo wazi, anakoroma.

Jua lilipoinama akaamshwa, akapanda. Sauti haikurudi siku hiyo, Mzee Ngoda akamsaidia kuita. Lakini alishuka kesho yake, na siku iliyofuata, na kila siku. Na ilipofika siku ya wingu kubwa, lile lililofunika jua, Sikudhani alikuwa dunguni, ameoga, amesukwa, macho makavu. Akavuta pumzi. Haya, msaidieni!

"Hoya, hoya, hoya! Mtama una mwenyewe!"

Ngoda akapokea, wa tatu akapokea, kijiji kizima kikalia. Lile wingu likayumba, likainuka, likaenda zake kula mbegu za nyasi huko porini. Mtama ukavunwa. Pembe iliyoliwa iliuma, lakini iliyobaki ilitosha, na wale watoto wawili walikula ugali mpaka wakagombana nani aoshe chungu. Bi Mkunde aliposikia watoto wanagombania chungu badala ya chakula, alikaa kizingitini akamshukuru Mungu.

Basi shikeni hili. Anayelinda watu naye ni wa kulindwa, na ajipe saa yake kila siku, hasa siku za shida. Shida haitakimbia ukienda kuoga. Utaikuta palepale, ila utaikuta wewe ukiwa na sauti.

Sh. Tulieni. Mnasikia? Kinu kimenyamaza.

Mama Shamte, njoo mwanangu, mkeka una nafasi. Mgonjwa amelala, unga utangoja. Shamte, lete yale mafuta na kitana. Nyie wengine mpisheni mama yenu.

Nawarudisha leo! Turudishe, Bibi. Polepole, msipige kelele. Ameshasinzia.