Mafungu Mawili ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walifunga milango kwa komeo na kusengenyana dirishani, Nguchiro alikuwa fundi mikeka. Kibanda chake kilikuwa kidogo, akiketi kusuka mkia unabaki nje! Msicheke, bado.

Jirani yake, Kiboko, naye alisuka. Yeye alikuwa na ghala lililojaa ukindu hadi darini. Kila mzigo mpya aliurusha juu ya ule wa zamani. Pu!

Jumamosi akaja Bi Nyati, mwenye uwanja wa soko, akawaita wote wawili.

"Binti yangu anaolewa Ijumaa. Nataka mikeka kumi. Atakayeileta abaki hapa sokoni, mwingine ahame."

Kiboko akacheka, tumbo likatikisika bwata-bwata. "We mkia! Ukindu wako uko wapi?"

Nguchiro hakuwa na hata unyasi. Ahamie wapi na watoto sita? Lakini mdomo wake haukujua kunyamaza.

"Shikamoo, mjomba. Sokoni wanasema umeota mizizi. Eti mafungu mawili ya ukindu huwezi kuyafikisha kwangu asubuhi."

"Nani kasema?!"

"Aa, mjomba, nisiwataje. Wewe waonyeshe tu. Kila asubuhi, hadi Alhamisi. Ukiweza, lakini."

"Mawili tu?" Kiboko akapuliza pua, fuuu! Mafungu mawili yatamfaa nini huyu kidudu? Ghala zima liko kwangu!

Basi kuanzia Jumapili, kila kulipokucha, Kiboko akashusha mawili ya juu, akayabwaga mlangoni kwa Nguchiro, akatembea kwa maringo hadi kwake kulala. Nguchiro akalowesha, akasuka, chap-chap! Fungu moja, mkeka mmoja. Jioni kibanda kitupu, mikeka miwili mikononi, anaipeleka kwa Bi Nyati.

Alhamisi alasiri Kiboko akaamka. "Haya, nami nianze." Akavuta fungu. Pwa! Likakatika. Akavuta la chini yake. Lina ukungu. La chini zaidi lilikuwa uji mtupu, linanuka hadi nzi wanapiga chafya.

"Mama wee! Mazima yalikuwa ya juu tu!"

Akakimbia kwa Bi Nyati. Akakuta mikeka minane imepangwa, na Nguchiro anaingia na miwili ya mwisho.

"Huo ni ukindu wangu! Umenifanya punda wako!"

"Punda, mjomba? Punda hachelewi. Na wewe hukuchelewa hata siku moja!"

Bi Nyati akacheka hadi pembe zikagongana na mlango. "Nguchiro abaki."

Kiboko akainamisha kichwa, akageuka aende akafunge virago.

"Unakwenda wapi?" Nguchiro akamshika sikio. "Bi Nyati, huyu namtaka. Mimi nasuka, yeye analeta ukindu. Mbichi, kila asubuhi, wa kazi ya siku hiyo. Ghala tulisafishe, tusukie humo. Mkia wangu umechoka kunyeshewa!"

Kiboko akapangusa pua. "Mafungu mangapi kesho, bosi?"

Basi, wadogo zangu: chukua kinachotosha kazi ya leo, usirundike cha kuringia.