Jina la Mtoto wa Mwanasha

Nawafungia fundo, wasikilizaji. Mwenye vidole vyepesi alifungue.

Palikuwa na wanawake watatu wasiojuana. Mmoja alijua kutunza, wa pili alijua kuunda, wa tatu alijua kutazama. Kila mmoja aliishi peke yake.

Aliyejua kutunza ni Bi Mishi. Binti yake mchanga alikufa kwa ugonjwa adimu wa ngozi. Madaktari hawakuutambua, maana vitabu vyao viliuonyesha kwenye ngozi nyeupe tu. Bi Mishi alibaki na picha kumi na moja za siku za mwisho za mwanawe, na kwa miaka tisa hakumwonyesha mtu. Chuo cha udaktari kilipowaomba wazazi picha za ugonjwa huo, alizitoa zote.

Aliyejua kuunda ni Tumsifu, fundi wa kompyuta chuoni hapo. Picha kumi na moja hazitoshi kufundishia madaktari, basi akaziingiza katika mashine ya akili bandia, akaiagiza itengeneze picha za watoto wengine, weusi na maji ya kunde, wenye ugonjwa uleule. Mashine ikakosea. Kila mtoto ilimfunga uzi mweusi mkononi, kwa kuwa binti wa Bi Mishi alifungwa uzi wa kukinga kijicho, nayo ikadhani uzi ni dalili. Tumsifu akaufuta, akaifundisha upya. Miezi saba alikaa chumbani na nyuso za watoto elfu mbili ambao hawakuzaliwa popote.

Aliyejua kutazama ni Kokugonza, daktari pekee wa kituo cha afya cha mbali. Hakuwa na mwenzake wa kumuuliza. Kila alipomaliza kazi alijipima kwa picha zile, alizotumiwa na chuo, mpaka macho yakauma.

Asubuhi moja Mwanasha alimleta mwanawe wa kike wa wiki tatu. Bibi wa mtoto alikuwa amempaka poda, akisema ni vipele vya joto, na muuguzi akakubali. Daktari akaifuta poda taratibu. Nyuma ya sikio palikuwa na kivuli cha rangi ya zambarau.

“Daktari, joto tu hilo,” muuguzi akasema.

“Huyu nimemwona mara elfu mbili,” akajibu, akamwanzishia mtoto dawa saa ileile.

Mtoto akapona.

Sasa, kwao Mwanasha mtoto hupewa jina moja la mtu aliye hai, na mtu huyo huwa somo wake. Likizo mtoto hulala kwa somo. Somo akizeeka, mtoto humtekea maji. Asiye na mtu hupata mtu.

Mwanasha akawaita wote watatu, akasema jina ni la aliyemwokoa mwanawe. Jirani mmoja akashauri apewe majina yote.

“Matatu?” bibi akauliza. “Mnampa mtoto jina au mnaita mahudhurio?”

Watu wakacheka. Wale watatu hawakucheka. Tumsifu alificha mikono ndani ya khanga. Daktari aliomba kumpakata mtoto, akachelewa kumrudisha. Bi Mishi alisema neno moja tu: “Mchagueni mnayemtaka. Mimi nimezoea.”

Mwanasha ameinamia sikio la mwanawe, midomo imeshafunguka.

Je, wewe ungemnong’oneza jina la nani?