Bahasha ya Mkurugenzi

Wapendwa, leo nawaletea bwana mmoja mkubwa. Mkubwa kweli, msicheke. Alikuwa meneja katika kampuni ya saruji, na kwa miaka mingi roho yake ilitaka kitu kimoja tu: kiti cha mkurugenzi mkuu. Akikiona anameza mate. Akilala anakiota.

Siku ikafika. Bodi ikamwita, ikamhoji, ikampenda. Likabaki suala la maslahi: mshahara, nyumba, gari na dereva, bonasi ya mwisho wa mwaka. Sasa, bodi zina desturi yao. Wakianza kuzungumzia maslahi yako, wewe unatolewa nje ili wabishane kwa uhuru. Basi akatolewa, akakaa kwenye kochi mlangoni, hana kazi yoyote, anasubiri kuitwa.

Mara akaja dada wa mapokezi. "Bosi, mama yako yuko chini. Amekuja na basi la alfajiri kutoka kijijini."

Bwana yule akashusha pumzi. Si mnajua watu wa nyumbani wakitufuata ofisini wanakuja na nini? Ada, bati, matibabu. Akachomoa bahasha kwenye koti, maana alikuwa anatembea nazo kabisa, akatia fedha. "Mpe hii. Mwambie niko kwenye kikao."

Kikao gani? Yuko kwenye kochi! Lifti ingemfikisha chini kabla hujamaliza kusali Baba Yetu. Lakini aliogopa wakimwita wasimkute.

Mama akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaishika kidogo, akairudisha.

"Hapana, binti yangu. Sikuja kuomba. Daktari wa macho ameniambia nuru hii niliyobaki nayo haitafika Krismasi. Nimekuja nimtazame mwanangu. Nimwone tu, nirudi."

Yule dada akapanda juu mbio. Akakuta kochi tupu na mlango umefungwa. Bwana ameshaitwa ndani, na huko ndani wanampigia makofi. Alipewa vyote alivyoomba na nyongeza juu yake. Alipotoka, basi la kijijini lilikuwa limeshaondoka, na mama ndani yake.

Alipoelezwa, moyo ulimuuma. Alikuwa na moyo, jamani, tusimwonee. Akasema, "Jumamosi hii nakwenda." Jumamosi ikawa na semina ya wakurugenzi. Iliyofuata ikawa na wawekezaji. Kiti kile alichokitamani ndivyo kilivyo, hakikubali kuachwa peke yake. Akaenda Krismasi, na gari jipya.

Mama alisikia muungurumo, akatoka akipapasa ukuta. Akamshika mwanawe uso, akapitisha vidole kwenye paji, kwenye mashavu, polepole, kwa hamu yote ya miaka ile. Vidole vikasimama.

"Hapa pana mikunjo," akasema. "Hii mimi sijawahi kuiona."

Mkurugenzi mkuu akalia. "Mama, nitakupeleka India. Nitalipa chochote."

"Najua utalipa, mwanangu. Kulipa hujawahi kushindwa."

Naona mnatikisa vichwa. Huyu mama anatia huruma, sivyo? Na yule bwana, kama angekuwa hapa mngemchapa. Haya, hebu tazameni mikononi mwenu. Mmeshika nini? Wakati wa sadaka bado, na bahasha mnazo tayari.

Nazo zina majina yetu. Wako wenzetu ambao tangu Pasaka hatujawaona humu, lakini bahasha zao hazijakosa hata Jumapili moja, jirani analeta. Na sisi tuliokuja, je, tumekuja? Au tumekaa kwenye kochi, tunasubiri kuitwa kwingine? Sisemi sadaka ni mbaya, mzee wa kanisa asije akaninunia. Nasema Mungu anatutamani. Anatutamani sisi, na tumezoea kudhani kila akija amekuja kuomba kitu. Macho yake hayatazimika, atatungoja. Yanayozimika ni haya yetu.

Bahasha yako imefika, ndugu yangu. Ameishika kidogo, ameirudisha. Anauliza, wewe mwenyewe uko wapi?