Kahawa ya Wapinga Utumwa

Ukiukemea utumwa, jimiminie kahawa. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkacheka, mkadhani ni mzaha wa barazani. Si mzaha hata kidogo. Methali hii ilianza hivi, nami kila nikiisimulia hupandwa na hasira upya, basi msinikatize.

Zamani, wakati biashara ya watumwa imekwisha kupigwa marufuku baharini lakini majumbani watumwa wamejaa tele, walikuwako hapa mjini mabwana watano waliotaka utumwa ukomeshwe kabisa. Watu wasomi, watu wa dini, nia yao njema, siwasingizii. Kila Jumatatu walikutana nyumbani kwa Shekhe Burhani, mwenye mashamba ya minazi, waandike barua ya kumwomba mtawala. Jumatatu ya kwanza wakabishana waseme "tunaomba" au "tunasihi". Ya pili, nani atie sahihi kwanza. Ya tatu wakarudi kwenye "tunaomba". Jamani! Miezi miwili, barua moja!

Na muda wote huo nani alikuwa akiwamiminia kahawa? Zafarani, mjakazi wa Shekhe Burhani mwenyewe. Anasimama nyuma yao na dele la kahawa mkononi, anasikia kila neno kwamba binadamu si mali ya binadamu, na kikombe kikiwa kitupu anakijaza. Hakuna hata mmoja wao aliyeona kasoro.

Sasa, binti wa Shekhe alikuwa ameolewa na mtu wa Lamu, na siku hizo desturi ya wenye uwezo ilikuwa mwari akienda kwa mumewe apewe mjakazi wa kwenda naye. Shekhe akamchagua Tamasha, mtoto wa pekee wa Zafarani, miaka kumi na mitatu. Safari ikapangwa Jumanne.

Jumatatu yake wakakutana kama kawaida. Vikombe vikakauka. Shekhe akapiga makofi.

"Zafarani! Kahawa!"

"Bwana wangu," Zafarani akasema, "barua hii yenu inamhusu Tamasha?"

"Inawahusu watu wote."

"Basi kesho asiende."

"Ah, hayo ni mambo ya nyumbani. Ngoja mtawala ajibu."

"Atajibu lini, bwana, nanyi hamjampelekea?"

Maalim Idarusi, aliyekuwa mwandishi wao, akaona haya. Akavuta karatasi mpya.

"Shekhe, siandiki tena neno la barua ile mpaka niandike hili."

Akaandika kwamba Tamasha ni huru tangu saa ile. Wenzake wakashuhudia, na Shekhe Burhani, uso umemshuka, akatia sahihi. Zafarani akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akalia mbele yao bila kujificha.

Mngedhani sasa wameelewa. Wapi! Wakapeana mikono, wakapongezana kwa kazi nzuri, kisha, yarabi toba, wote watano wakamnyooshea Zafarani vikombe!

Zafarani akawatazama mmoja mmoja. Akaliweka dele katikati ya mkeka.

"Bwana Burhani," akasema, "ukiukemea utumwa, jimiminie kahawa."

"Unakwenda wapi? Wewe sijakuandikia!"

"Najua."

Akaenda jikoni, akamshika mwanawe mkono, wakapita katikati ya mabwana wale, wakatoka kwa mlango wa mbele, ambao watumwa wa nyumba ile hawakuruhusiwa kuupita. Shekhe akageuka huku na huku akitafuta wa kumtuma awafuate. Amtume nani, na barua yao iko wazi magotini mwa Maalim, mbele ya wenzake wote? Akaketi. Wakabaki watano wanaliangalia dele, na hakuna aliyejua kulishika bila kuungua.

Barua ile waliipeleka mwaka uliofuata. Zafarani hakuingoja. Ndiyo maana, wajukuu zangu, twasema: ukiukemea utumwa, jimiminie kahawa.