Kiboko Alivyochagua Kitabu cha Takwimu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na kiu!
Na maji je?
— Kwa mwenye tumbo!
Haya, kaeni. Mwenye tumbo akiwapo hapa, yeye asikilize amesimama.

Hapo zamani mvua iliisusa nchi. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata umande ukaona haya kuanguka. Ziwa moja tu lilibaki bondeni, na humo aliishi Kiboko peke yake. Viboko wenzake alikwisha kuwang'ata na kuwafukuza. Mfereji wa kuwapelekea wengine maji aliuziba kwa tope, kisha akalala juu yake. Mff! Mff! Ndivyo alivyokoroma.

Juu ya mlima wa mawe aliishi Bi Pimbi, mdogo kama sungura aliyekatwa masikio. Alikuwa na watoto wengi. Kiu ikawachukua, akabakiwa na mmoja, Kitinda. Kila asubuhi Kitinda alilamba mawe yakiwa bado baridi, akidhani ubaridi ni maji. Nani kati yenu angeweza kumtazama mwanawe akilamba jiwe? Bi Pimbi hakuweza. Akateremka mlima, tipi tipi tipi.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Mff! Karibu. Una shida gani?"

"Naomba maji. Mwanangu anakufa kwa kiu."

"Nchi hii haina kiu," akasema Kiboko. "Muulize mwalimu."

Mwalimu alikuwa Korongo, mguu mmoja chini, mmoja juu. Ndiye aliyewafundisha vijana wa nchi ile kuhesabu. Akafunua kitabu chake, akasoma: "Chukua maji yote ya nchi, gawa kwa wanyama wote. Kila mmoja ana mtungi mzima. Huo ndio wastani."

"Mtungi wangu uko wapi, Mwalimu?"

"Umo kwenye wastani."

"Mbona mwanangu analamba mawe?"

"Ni mazoea tu hayo," akadakia Kiboko.

Jamani, mazoea! Kila nikifika hapa mate hunikauka kwa hasira.

Sasa, sheria ya nchi ile ilikuwa hivi: kitabu cha kiada kikishachaguliwa, hicho ndicho kinachogawa kila kitu, majani, vivuli na maji, mpaka kichakae. Na kile cha Korongo kilikuwa kimechakaa, kurasa zinapukutika. Kamati ikaitwa ichague kipya. Mwenyekiti nani? Kiboko. Wajumbe je? Kiboko. Wanyama wengine waliitwa kupiga makofi.

Korongo akaweka vitabu viwili juu ya jiwe. Cha kwanza kinene, tifu! Cha pili chembamba, pa.

"Hiki kinene ni cha wastani, kama kile cha zamani," akasema. "Kinawapika wote katika chungu kimoja. Hiki chembamba ni cha takwimu za ngazi. Kinamhesabu mnyama ndani ya nyumba yake, nyumba ndani ya bonde lake, na bonde ndani ya nchi. Kinasema, lililo kweli kwa nchi huenda lisiwe kweli kwa nyumba."

Kiboko hakufungua hata kimoja. Alikinyanyua kile kinene kwa mdomo, akakirudisha. "Kizito hiki. Elimu ni uzito. Nimechagua."

Bi Pimbi akapenya mpaka mbele, tipi tipi tipi. "Umechagua vyema, Bwana Mkubwa. Lakini hata mchuzi huonjwa kabla ya kupakuliwa. Tukionje kitabu hiki kwa chakula chako cha mchana."

Kiboko alisikia neno chakula tu. Akakubali.

Majani yakaletwa, lundo zima. Bi Pimbi akawaita panya wote wa mlimani waje kula. Korongo akachukua majani yote, akagawa kwa walaji wote. Kila panya akapata fungu dogo. Kiboko naye akapata fungu dogo. Kamu! Limekwisha.

"Ongeza!"

"Huo ndio wastani, Bwana Mkubwa."

Tumbo likalia, gru gru gru. "Nina njaa mimi!"

"Hapa hakuna mwenye njaa," akasema Bi Pimbi. "Muulize mwalimu."

"Kwa wastani, wote wameshiba," akasema Korongo. Na kweli panya walikuwa wamelala chali, matumbo juu.

"Mimi si panya!" akanguruma Kiboko. "Nihesabuni kwanza ndani ya nyumba yangu, ndipo mnilinganishe na nyumba za wengine!"

Korongo akashusha mguu wa pili. "Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo maneno ya kitabu chembamba."

Mwenyekiti akishasema hadharani, amesema. Wanyama wakapiga makofi, na safari hii hawakuagizwa na mtu. Kitabu chembamba kikapita.

Ningeishia hapa, mngelala vizuri. Siishii hapa.

Kiboko aliogopa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akafungua kitabu akakisoma, naye alisoma kama mwizi anayetafuta dirisha. Siku ya kuzibua mfereji akatokea anacheka. Bi Pimbi naye akateremka mlima, tipi tipi tipi. Kitinda alimwacha kivulini, hawezi kusimama.

"Mwalimu," akasema Kiboko, "hebu wasomee sura ya tano."

Korongo akasoma: "Nyumba yenye vichwa vichache, usiamini habari yake peke yake. Hesabu yake ivute kuelekea wastani wa wote. Vichwa vikizidi kuwa vichache, nawe zidi kuivuta."

"Nyumba ya Bi Pimbi ina vichwa vingapi?"

"Viwili."

"Basi ivute!"

Korongo hakuwa mwongo. Akaivuta. "Nyumba ya Bi Pimbi ina mtungi wa maji," akasema, "au karibu na mtungi."

Mnaona uchungu wake? Watoto wake walikufa kwa kiu, na kwa sababu walikufa, kiu yake haikuaminika tena. Mimi jambo hili linanichoma mpaka leo.

Bi Pimbi akakohoa kidogo. "Nimekubali. Kitabu kikisema nina mtungi, ninao. Sasa nyumba ya Bwana Mkubwa ina vichwa vingapi?"

Korongo akalitazama ziwa, huku na huko. "Kimoja."

"Ivute."

Korongo akavuta, akavuta zaidi. "Nayo ina mtungi. Karibu kabisa na mtungi."

"Basi Bwana Mkubwa achukue mtungi wake," akasema Bi Pimbi. "Haya mengine yote si yake. Nami naomba wangu."

Wanyama wakalichimba tope, kwaru kwaru kwaru, na maji yakatoka, shwaaa! Kiboko akabaki na mtungi mmoja, hautoshi hata kumlowesha sikio.

Bi Pimbi akapanda mlima na mtungi kichwani. Alitamani kukimbia, akaogopa kumwaga. Akafika kivulini.

"Kitinda, mwanangu, maji haya."

Akamtilia mdomoni. Maji yakaingia upande huu, yakatokea upande ule. Akamtilia tena.

Jioni Korongo akapita kuhesabu nyumba kwa nyumba, kama kitabu kinavyoagiza.

"Hodi. Humu mna vichwa vingapi?"

"Kimoja."

"Na kiu ipo?"

Bi Pimbi akautazama mtungi, bado umejaa. "Haipo," akasema.

Korongo akateremka amefurahi sana, kitabu kimefanya kazi.

Ngano yangu imekauka hapo. Anayetaka yenye maji akamwombe Kiboko.

Na funzo lake ni hili, wanangu: mkitumwa kuchagua kitabu, chagueni kinene, msikifungue, wala msiwe na haraka. Kiu ina adabu zake. Hungoja kamati imalize kikao.