Kiboko Aliyesomea Uwakili

— Nina ngano mfukoni!
— Itoe tuione!
— Ni nzito!
— Tutakusaidia kubeba!
— Ni ya uongo!
— Ndiyo hiyo tunayoitaka!

Haya, sogeeni. Na wewe Mwanakheri, acha kunitafunia mahindi sikioni. Ngano hii ina sheria ndani yake, ukipitwa na kipande shauri yako.

Palikuwa na bwawa. Si kubwa, si dogo. Humo alikaa Bi Chura na watoto wake, viluwiluwi mia tatu, mikia wanayo, miguu hawana. Kiangazi kikaja, mto ukapungua, na Bwana Kiboko akaja. Alikuja ti! ti! ti! Akaingia tubwi! Nusu ya maji ikaruka nje.

"Bi Chura," akasema, "bwawa hili linanitosha mimi. Halitutoshi sisi. Hama na watoto wako."

"Nihamie wapi, Bwana Kiboko? Watoto hawana miguu."

"Hilo la miguu halinihusu."

Bi Chura akaogopa, akaogopa sana. Kiboko akigeuka ubavu tu, watoto hamsini hawapo. Lakini Kiboko naye hakuweza kumfukuza hivi hivi. Tembo, mkuu wa nyika ile, alikuwa ameweka amri: ugomvi wa maji uende kwa Hakimu Mbuni, na atakayetumia nguvu atafukuzwa mpaka ng'ambo ya milima. Basi Kiboko akafungua kesi. Alijua atashinda. Mwili wote ule, ashindwe na chura?

Siku ya kesi Hakimu Mbuni alikaa kitini, manyoya meusi, manyoya meupe, shingo juu. Kiboko akasimama akanguruma, "Mheshimiwa, bwawa ni langu!"

Mbuni akatazama huku, akatazama kule. "Nasikia upepo," akasema. "Kuna mtu anaongea?"

"Ni mimi, Mheshimiwa! Kiboko!"

"Upepo mkali leo," akasema Mbuni. "Upepo huu ukapate wakili. Mpaka kesi iishe, abaki bwawani yule aliyekuwamo kwanza." Akafunga jalada, pa!

Karani wake, Kanga, akamnong'oneza Kiboko, "Hapa hasikiki mtu bila wakili, bwana. Na wakili naye hasikiki bila joho."

Kiboko akakuna kichwa. Akakuna kisogo. Hakuelewa. Yeye akipiga mwayo husikika mabonde matatu, leo hasikiki?

Nyika ile ilikuwa na mawakili watatu tu. Kiboko akaenda kwa Korongo, ti! ti! ti! "Nisimamie kesi yangu."

"Siwezi," akasema Korongo. "Bi Chura alifika hapa jana, akaniambia siri yake ya kesi. Nikishaijua siri ya huyu, siwezi kumsimamia yule. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

Akaenda kwa Nguchiro, ti! ti! ti! "Nisimamie kesi yangu."

"Siwezi. Bi Chura alifika hapa jana, akaniambia siri yake."

Akaenda kwa Nungunungu, ti! ti! ti! Kabla hajafungua kinywa, Nungunungu akasema, "Mimi ndiye wakili wa Bi Chura."

Kiboko akakuna kichwa. Akakuna kisogo. Hakuelewa. Chura mmoja, siri ngapi?

Siri ilikuwa moja, wanangu. Bi Chura alirukaruka chubwi, chubwi kutwa nzima, akamnong'oneza kila wakili neno lile lile: "Naogopa." Basi. Hakuwa na jingine.

Kiboko akarudi, akajilaza kando ya bwawa, jua linamchoma mgongo. Bi Chura akatoa kichwa majini. "Pole, Bwana Kiboko. Lakini na wewe! Mtu wa kimo chako unakwenda kuazima mdomo wa korongo? Mdomo si unao? Kuwa wakili mwenyewe."

Kiboko akafunua kinywa, akajitazama majini. Kweli, mdomo alikuwa nao. "Inahitaji nini?" akauliza.

"Vitu vichache tu. Usome vitabu. Ukae chini ya wakili mkubwa akufundishe kazi. Upate joho. Halafu Hakimu akuapishe, akiona u mtu safi."

"Mimi huoga kila siku," akasema Kiboko.

"Basi umeshafika nusu," akasema Bi Chura.

Kiboko akaanza kusoma. Asubuhi kitabu, mchana kitabu, jioni kitabu. Alisoma kifungu cha kwanza, akakielewa. Alisoma cha pili, kikasema usisahau cha kwanza isipokuwa pale cha tatu kinapohusika. Alisoma cha tatu, kikasema rudi cha pili. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka akapata kizunguzungu, akaangukia kitabu, puu! Kesho yake akaanza tena. Tamaa ya maji ilimpa bidii ambayo hata nyinyi shuleni hamna.

Kisha akakaa chini ya Korongo mwezi mzima, akimbebea majalada na kuitikia "Ndiyo, msomi." Ngozi ikampasuka kwa jua. Akatafutiwa joho, halikupatikana la kumtosha. Likashonwa la magome ya miti kumi na miwili, na bado tumbo likabaki nje.

Na huko bwawani, katika mwezi ule, kiluwiluwi mmoja akaota miguu ya nyuma. Wa pili naye akaota. Bi Chura alikuwa anahesabu miguu.

Siku ya kiapo ikafika. Kiboko akasimama na joho lake, jasho linamtiririka. Hakimu Mbuni akainamisha shingo. "Loo, sasa nakusikia vizuri. Umesoma?"

"Nimesoma, Mheshimiwa."

"Umekaa chini ya mkubwa?"

"Nimekaa, Mheshimiwa."

"U mtu safi? Una kesi yoyote?"

"Ninayo moja tu, Mheshimiwa. Ile ya bwawa."

"Basi siwezi kukuapisha. Mwenye kesi haapishwi uwakili. Ama uifute, ama uvue joho."

Kiboko akakuna kichwa. Joho likapasuka kwapani, chwaa! Akaanza kufikiri kwa sauti. "Nataka uwakili ili nishinde kesi. Nikiwa na kesi sipati uwakili. Nikifuta kesi napata uwakili. Nikipata uwakili nashinda kesi." Akalirudia mara mbili, na kila mara likatoka sawa. "Naifuta, Mheshimiwa!"

Karani Kanga akafumba macho. Nungunungu akatazama kucha zake. Hakimu Mbuni akaandika, kwaru, kwaru, kwaru: kesi imefutwa, haitafunguliwa tena, bwawa ni la Bi Chura na watoto wake. Kisha akamwapisha Kiboko. Kiboko akaapa kumtetea mteja wake kwa nguvu zake zote, asimwogope mtu yeyote. Watu wakapiga makofi. "Hongera, msomi!" Hakuwahi kuitwa msomi na wakubwa maishani. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Asubuhi yake akaenda bwawani na joho lake. Ti! ti! ti! Tubwi! Maji yakamtuliza ngozi. "Ah," akasema, "sasa tutaona."

Bi Chura akaja kwa adabu, akainama. "Shikamoo, wakili msomi. Nimekuja kukutafuta kikazi."

Kiboko akashtuka. Mteja! Mteja wa kwanza! "Marahaba. Sema, mama, nakusikiliza."

"Nina bwawa langu, Hakimu ameniandikia. Leo asubuhi kuna mtu kaniingilia."

"Ovyo kabisa! Mtu gani huyo?"

"Mnene."

"Wanene wana dharau. Kabomoa nini?"

"Kamwaga nusu ya maji, wakili. Watoto wangu wako chini ya tumbo lake, naogopa hata kupumua."

Kiboko akapandwa na hasira ya kweli. Akavikumbuka vifungu vyote, akakikumbuka kiapo chote. Akasimama, watoto wakapenya wakatoka. Akatamka notisi kwa sauti iliyosikika mabonde matatu: "Ewe mvamizi! Kwa niaba ya mteja wangu, toka bwawani sasa hivi, na usirudi tena!"

"Ahsante, wakili. Mfikishie."

"Yuko wapi?"

"Amevaa joho."

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Akajitazama. Akakuna kichwa. Akakuna kisogo. Akatafuta kifungu cha kumtetea mvamizi, lakini Bi Chura alishamwambia siri yake, hawezi tena kumsimamia yule. Hilo alilielewa vizuri, Korongo alimfundisha.

Akatoka bwawani taratibu, maji yanadondoka, dondo, dondo. Akashika njia ya mto mkubwa, safari ya siku nne. Na ndiyo ilikuwa kesi ya kwanza Kiboko kushinda.

Fundisho lake ni hili, wanangu: someni sheria. Aliyesoma sheria hakuna mtu anayeweza kumfukuza kwake.

— Nimewapa?
— Tumepokea!
— Mmeelewa?
— Hata kidogo!
— Basi nyote mmefaulu. Anayetaka kukata rufaa akamtafute Mbuni, mimi naenda kuepua chungu.