Maporomoko Yasiyo na Nyuma

Hapo zamani, wala msidhani ni zamani za mababu, ni juzijuzi tu, enzi za kompyuta zenye chogo, palikuwa na mji uliopatwa na wazimu wa gemu. Wazee wanacheza gemu, maharusi wanacheza gemu, kinyozi anakuacha na kichwa nusu ili kwanza amalize vita vyake. Sasa kompyuta yenyewe haijui kuchora vizuri. Inataka kadi ya picha, kile kibao kinachochomekwa ndani, chenye kifeni chake, kazi yake kuchora kila unachokiona kwenye kioo: jani, moshi, maji, kila kitu. Kadi ikiwa mbovu picha inakwamakwama, unauawa hata adui hujamwona. Umenipata wewe wa nyuma? Haya.

Waliotengeneza kadi hizo walikuwa nyumba mbili: Nyumba ya Simba na Nyumba ya Kipanga. Simba wakitoa kadi namba mia tatu, Kipanga wanatoa mia nne. Kipanga wakichora joka kwenye boksi, Simba wanachora joka lenye vichwa viwili. Kipanga wakiongeza vichwa, Simba wanaongeza mwanamke mwenye upanga. Boksi likawa kubwa mtu analibeba begani, na ndani yake kadi ya kutosha kiganjani. Watu walinunua, tena kwa kusukumana!

Kila mwaka palikuwa na Siku ya Maporomoko. Nyumba zote mbili zinaleta kadi uwanjani, zinachomekwa, na kadi inachora safari moja: unapita msituni, unafika kwenye maporomoko ya maji, ndege wanaruka, mwisho. Anayechora haraka bila kukwama ndiye mshindi, na mwaka mzima mji unanunua kwake. Safari ilikuwa ileile, njia ileile, miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mwenye Nyumba ya Kipanga aliitwa Bi Mwanakombo. Hakujaliwa mtoto, ila alikuwa na watoto watatu wa kaka zake. Mbwana, fundi wa kutengeneza kadi. Sikudhani, aliyeandika programu ya kuiendesha kadi, maana kadi bila programu ni kipande cha bati. Na Shomari, bwana maboksi, bwana redio, mdomo haufungi.

Mwaka mmoja Kipanga walishindwa vibaya mno, na duka likaota utando wa buibui. Bi Mwanakombo akawaita wote watatu.

"Wanangu, nimechoka. Tukishindwa tena mwaka huu, nafunga mlango, kila mtu atafute ustaarabu wake. Lakini atakayeiokoa nyumba hii, nyumba ni yake. Ya mmoja tu. Nikiwagawia watatu, mtafungua nyumba tatu na kutukanana redioni. Nawajua."

Basi Mbwana akajifungia na vyuma vyake. Alitengeneza kadi nzito, yenye feni inayonguruma kama mashine ya kusaga, lakini ilichora kila kitu. Mbele yako, kando yako, hata nyuma yako. Ilipowashwa mara ya kwanza, majani yalikuwa mekundu na watu wana vichwa tumboni. Sikudhani akaandika programu, akafuta, akaandika, majani yakarudi kijani na vichwa vikapanda juu.

Shomari akamuuliza Mbwana, "Kaka, nikawaambie nini watu?"

"Waambie kadi hii inachora mpaka kisogoni kwako."

Mwaka huo Shomari hakuchora joka. Aliandika kwenye boksi maneno mawili tu: GEUKA UONE. Akaenda redioni asubuhi, mchana na jioni: Geuka uone! Watoto wakaimba, akina mama sokoni wakataniana nayo, mpaka mwizi akikimbizwa anapigiwa kelele, geuka uone!

Siku ya Maporomoko ikafika. Uwanja ulijaa, watu juu ya kuta. Kadi ya Simba ikatangulia. Loo! Ilipaa. Msitu ukapita, maji yakaporomoka, hata kukwama mara moja hakuna. Watu wakapiga vigelegele. Ikaja ya Kipanga, feni inanguruma. Ilichora vizuri, haikukwama, lakini ilikuwa ya polepole. Mtu asiyejua kitu naye aliona wameshindwa. Bi Mwanakombo akainamisha kichwa.

Msimamizi, Bwana Chuwa, akainua mkono atangaze. Sikudhani akasimama.

"Bwana Chuwa, subiri. Naomba kadi zote mbili zigeuzwe. Tukifika kwenye maporomoko, tutazame nyuma."

"Binti, njia ndiyo hii tangu mwanzo. Kaa chini."

Lakini neno kugeuka lilikuwa limeshakaa midomoni mwa watu kwa wiki nzima. Mmoja akasema, wa pili akadaka, uwanja mzima ukalipuka: "Geuka uone! Geuka uone!" Bwana Chuwa angefanya nini? Akageuza.

Kadi ya Simba ikatazama nyuma. Mti nusu. Mlima hakuna. Ndege hakuna. Mbingu yenyewe hakuna, weupe mtupu! Kumbe iliufahamu mtihani, ikajua jicho litapita wapi, ikachora pale tu na kwingine ikapumzika. Ndiyo maana ilipaa. Kadi ya Kipanga ikatazama nyuma: msitu wote upo, mlima upo, ndege yupo na kivuli chake. Watu wakashika vichwa. Simba wakazomewa mpaka getini, na ushindi ukaenda Kipanga.

Mnashangilia? Tulieni kwanza, hadithi ndiyo inaanza.

Mbwana akaja kwa shangazi yake. "Shangazi, nyumba ni yangu. Bila kadi yangu, tungegeuka tukaona nini? Weupe kama wao."

Shomari akacheka. "Kaka, hebu mwambie na lile la mwaka juzi. Ulihama ukaenda Simba kwa sababu ya mshahara, ndipo ukarudi. Kadi ya Simba iliyotuangusha nani aliitengeneza? Si wewe? Nyumba ni yangu mimi, Shangazi. Bila mimi uwanja usingepiga kelele, na Bwana Chuwa angeshatangaza."

"Wewe nyamaza," Mbwana akasema. "Wateja walitukimbia kwa nini? Ulichukua kadi ya zamani, ukabandika namba mpya, ukaitia kwenye boksi la joka. Watu walipofungua wakakuta kadi ileile waliyo nayo nyumbani!"

Shangazi akamgeukia Sikudhani. "Na wewe, mwanangu?"

"Nyumba ni yangu, Shangazi. Kadi ilikuwepo na kelele zilikuwepo, lakini bila mimi hakuna ambaye angeomba kugeuza."

"Ulijuaje kwamba Simba hawakuchora nyuma?"

Sikudhani akatazama chini. "Kwa sababu hila ile niliibuni mimi. Mwaka ule tulioshinda, kadi yetu nayo haikuchora nyuma. Simba walinunua kadi yetu dukani, wakaifungua, wakajifunza."

Bi Mwanakombo akakaa. Machozi yakamtoka, na wala hakuyafuta. "Kwa hiyo nyinyi watatu ndio mlioniangusha, na nyinyi watatu ndio mlioniinua. Basi nawauliza neno moja. Mwakani Simba wakituzidi, kila mmoja wenu atafanya nini?"

Mbwana akasema, "Nitatengeneza kadi nzuri zaidi."

"Na Simba wakikuita kwa mshahara mara mbili?"

Mbwana akakuna shingo.

Shomari akasema, "Shangazi, mimi sikufichi. Kadi ikiwa dhaifu, boksi litakuwa zuri. Watu wako wote watalipwa, hakuna atakayelala njaa."

Sikudhani akasema, "Sijui, Shangazi. Ile programu ya hila sijaifuta. Kila nikitaka kuifuta, mkono unakuwa mzito."

Bi Mwanakombo akatoa ufunguo wa nyumba kifuani, akaunyosha mbele yao. Aliyehama akarudi na kadi ya kweli? Mwenye mdomo, asiyeficha kwamba atatumia mdomo? Au aliyeianza hila, akaifichua, na bado anayo?

Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilimpa mmoja, nikarudi nyumbani, nikamnyang'anya. Sasa nyinyi. Wewe uliyekuwa unashangilia pale, anza: je, nani alistahili?